Mwili wangu umeanza kutulia, mume wangu anauliza ushahidi uko wapi

BARUA

Shikamoo Anti,

Mimi ni mama wa watoto wawili, mtu wa Tanga, naishi Uingereza miaka mingi sasa na nafanya kazi ya kea kwenye nyumba ya wazee. Huwa nasoma majibu yako kimya kimya, leo nimeona na mimi niandike maana nyumbani pamekua pagumu na sina wa kumwambia, ukimwambia mtu wa huku kesho unajikuta kwenye magrupu ya WhatsApp.

Mwaka juzi nilienda nyumbani, ukatokea msiba Same, tukakodi Coaster ndugu tupu. Muheza tukasimama tukanunua machungwa, yale ya kwenye nyavu. Tumeshapita Korogwe tairi la mbele likapasuka, dereva akashindwa, gari likalala ubavu. Shangazi yangu alikua pembeni yangu amelala ameegemea bega langu, alifia palepale. Mimi nilitoka na michubuko na shingo kuuma basi. Ninachokumbuka vizuri mpaka leo ni machungwa, yametapakaa lami nzima yamepondeka, harufu yake imechanganyika na dizeli, na kuna mtoto wa pale jirani anayaokota anayaweka kwenye fulana yake huku watu wazima wanalia.

Tangu nirudi huku mwili si wangu. Bega lile lile alilolalia shangazi linakaza na shingo inakua kama mti, nikiwa kwenye basi dereva akifunga breki ghafla mikono inatetemeka jasho linanitoka, usingizi saa mbili tatu nimeamka. Kazini kuna mzee anapenda chungwa asubuhi, nikilimenya tu natamani kutapika, siku hizi nabadilishana zamu ya chai ya asubuhi na wenzangu ili nisilimenye mimi. GP, daktari wa mtaa, alinipima, shingo akasema haina tatizo, akanipa dawa za maumivu, halafu nikapelekwa kwenye tiba ya kuongea, hii CBT ya kuyafanyia kazi mawazo yako. Ilikua ya simu. Nilikua naipokea wakati wa mapumziko kazini, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, dada wa upande wa pili anaongea haraka haraka anataka nijaze fomu za mawazo yangu na nimsimulie ajali, na mwenzangu anaingia anachukua koti. Nikaacha.

Sasa mfanyakazi mwenzangu akanielekeza kwa mama mmoja wa Kizungu, anafanya saikolojia ya mwili. Huyu haniulizi sana maneno. Nakaa, ananiambia nisikilize miguu yangu ilivyokanyaga chini, halafu polepole tunaenda begani, niseme nasikia nini, joto, uzito, kutekenywa, nikianza kutetemeka ananiambia usizuie, acha ipite. Wakati mwingine ananiomba ruhusa ananiwekea mkono mgongoni. Anti, usiku wa siku ya kwanza nililala mpaka alamu ikanikuta kitandani, ni kitu nilishasahau kama kipo. Anasema kumbukumbu ya ajali imekaa kwenye misuli na inatokea kupitia neva inaitwa vagasi. Anataka nilipie kifurushi cha sesheni 20, pauni 1,300 kwa mkupuo.

Hela ipo, napokea mchezo mwezi ujao. Lakini ile hela tulishapanga na mume wangu ni ya kupaua nyumba ya mama, kuta zimesimama zinanyeshewa. Mume wangu ni mtu wa maabara, yeye kila kitu ushahidi uko wapi, utafiti uko wapi. Akaingia mtandaoni akakuta aliyeanzisha mambo haya alikua anawauzia watu maboksi ya kukalia ndani wapone na akafia jela, basi imekua wimbo, ananiambia nimepata mganga wa Kizungu. Mi namwambia ushahidi ni mimi hapa, nimelala. Na mi naona hizi tiba za kuongea na kujaza fomu ni za Wazungu, sisi Waafrika mwili ndo unaongea.

Kuna kingine ambacho yeye sijamwambia. Juzi yule mama aliniambia anahisi ukakamavu wa bega langu ni wa zamani kuliko ajali, kwamba inawezekana nilifanyiwa kitu utotoni na akili imekificha, na sesheni zinazokuja tutakitafuta. Tangu siku hiyo silali tena. Naangalia picha za zamani za nyumbani, namwangalia baba mdogo, namwangalia binamu yetu mmoja aliyekua anatulea, najiuliza ni nani. Sikumbuki kitu Anti, chochote kile.

Je hii tiba ina sayansi au naibiwa? Nilipe? Na mume wangu nimwambie nini?

*Mama wa wawili, Uingereza*

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Pole ya shangazi kwanza, maana kwenye barua yako nzima sijaona mahali ambapo mtu alikupa pole hiyo, ulitoka kwenye gari ukaenda msibani na misiba imekua miwili, ukapanda ndege, ukarudi zamu.

Nimeisoma barua zaidi ya mara moja. Ninavyokuelewa umeuliza mambo matatu kwa pamoja: kama tiba inayopitia mwili ina utafiti nyuma yake, kama hela ya bati iende huko, na mume anayedai ushahidi ajibiweje. Lakini mimi naomba nianze na kile ulichokiweka mwishoni, kwa sababu hicho ndo kimekurudisha kwenye kukosa usingizi.

Bega lililokaza linaweza kumwambia mtaalamu kwamba una hofu, au huzuni, au kwamba unanyanyua wazee kutwa nzima. Haliwezi kumwambia nani alikufanya nini mwaka gani. Hilo hakuna utafiti wa tiba ya mwili wala ya maneno ulioonyesha kwamba linawezekana, kusoma historia ya mtu kwenye msuli wake. Na kinyume chake kimeonyeshwa wazi. Mwaka 1995 mwanasaikolojia wa Marekani, Elizabeth Loftus, na mwenzake walichukua watu 24 wakawapa visa vya utotoni vilivyothibitishwa na ndugu zao, katikati wakachomeka kimoja cha uongo, kwamba uliwahi kupotea kwenye duka kubwa ukiwa mdogo. Kama robo yao wakafika mahali pa kukikumbuka, chote au sehemu, kitu ambacho hakijatokea. Na hapo hakuna aliyekua anatetemeka, hakuna aliyekosa usingizi, hakuna mtu anayemwamini kama unavyomwamini huyu mama aliyekulaza usiku mmoja mzima.

Sisemi kwamba hakuna kilichotokea utotoni, mimi sijui, na wewe mwenyewe unasema hukumbuki. Watoto wanaumizwa kweli na wapo wanaokaa nayo kimya miaka. Ninachokuomba ni utofautishe mambo mawili: kumbukumbu inayokuja yenyewe, ambayo mtaalamu mzuri ataipokea bila kuisukuma, na msako unaoanza na jibu tayari mkononi. Ulivyoeleza, huu ni wa aina ya pili. Baba mdogo amegeuka mtuhumiwa kwa sababu ya hisia ya mtu ambaye hajawahi kumuona. Kabla ya sesheni nyingine yoyote una haki kabisa ya kumwambia, mimi nimekuja kwa ajili ya ajali, sitaki tutafute kitu kingine. Sikiliza atakavyojibu. Akisema sawa, samahani, tubaki na ajali, hiyo ni habari njema kuhusu yeye. Akisema unakataa kwa sababu akili inaficha, hiyo nayo ni habari.

Sasa sayansi. Nitakwenda polepole hapa, na ukipenda mpe na mume wako asome kipande hiki maana naona ndo lugha yake.

Yule mtu wa maboksi ni kweli yupo. Anaitwa Wilhelm Reich, daktari aliyezaliwa kwenye dola la Austria, mwanafunzi wa Freud, yule aliyeanzisha saikoanalisia. Alisema hisia tunazozizuia zinajenga kama deraya kwenye misuli, na wazo hilo ndo mbegu ya tiba nyingi za mwili zilizofuata. Baadaye akajitosa kwenye nishati aliyodai ameigundua, akatengeneza maboksi ya kuikusanya, mahakama ya Marekani ikayapiga marufuku 1954, yeye akakaidi, akafungwa, akafia gerezani 1957. Yote hayo mume wako ameyapata sawa. Ila yanatuambia kuhusu Reich, hayatuambii kama anachokifanya yule mama na bega lako kinafanya kazi au hakifanyi. Hilo linajulikana kwa njia moja tu, kuchukua watu wenye shida, kuwagawa makundi kwa bahati nasibu, kundi moja linapata tiba jingine halipati au linapata kitu kingine, halafu unapima.

Na majaribio ya namna hiyo yapo. Mwaka 2021 watafiti wa Ujerumani wakiongozwa na Jenny Rosendahl walikusanya majaribio 18 ya tiba za mwili, za watu wenye shida tofauti tofauti, wakakuta kwa wastani zinasaidia, si kwa kiwango kikubwa sana wala kidogo, cha katikati. Kwahiyo mtu akikwambia hakuna utafiti kabisa, hilo si kweli. Lakini 18 kwa uwanja uliokuwepo tangu enzi za Reich ni machache, mengi yana watu wachache, na kila moja lina staili yake na ugonjwa wake, ndo maana hata wenyewe waliokusanya walitaka matokeo yasomwe kwa tahadhari.

Linalokaribia zaidi hali yako ni la Israel, 2017. Watu 63 wenye kiwewe baada ya matukio mazito, tiba inaitwa Somatic Experiencing, ya Peter Levine, na kwa maelezo yako, kusikiliza mwili polepole na kuacha mtetemeko upite, nadhani yule mama wa Kizungu anafanya hiyo au inayofanana nayo. Sesheni 15, mara moja kwa wiki. Waliopata tiba dalili zilipungua sana. Ila wenzao walikua kwenye orodha ya kusubiri, yaani hawakupewa kitu. Ni kama kumshindanisha mkimbiaji na mtu aliyekaa kwenye benchi, atashinda, ila hujajua ana mbio kiasi gani.

Mpe mkimbiaji mwenzake wa kweli uone. Denmark walifanya majaribio mawili kwa wagonjwa wa mgongo wenye kiwewe juu yake, jambo ambalo kwa shingo yako lina maana. La kwanza, 2017, tiba ile ile iliongezwa kwenye matibabu ya kawaida, dalili za kiwewe zikapungua kuliko kwa waliopata matibabu ya kawaida peke yake. La pili, 2020, makundi yote mawili yalipata fizio (tiba ya mazoezi ya viungo), moja likaongezewa tiba ya mwili, na safari hii wote walipata nafuu ya ulemavu wa mgongo, nyongeza haikuonekana kuongeza.

Na hapo hapo Uingereza unapoishi kuna kisa ambacho mimi huwa nakitumia sana kwa watu wanaoniuliza maswali kama ya mume wako. Mwaka 2006 jaribio dogo la London, watu 45 wenye skizofrenia, wale ambao ugonjwa umewaacha wamepoa, hawana hamu wala hisia. Tiba ya mwili ikashinda ushauri wa maneno, watu wakafurahi sana, ikaonekana kitu kimepatikana kwa wagonjwa ambao dawa haziwafikii vizuri. Basi wakafanya kubwa, watu 275 sehemu mbalimbali za nchi, matokeo yakatoka 2016. Safari hii kundi la pili walipewa mazoezi ya Pilates, idadi ile ile ya sesheni, 20, kwenye kikundi, na mwalimu. Kwenye kipimo kikuu hapakua na tofauti. Naipenda heshima ya watafiti wale, maana waliokua wanaiamini tiba hii ndo waliojipima wenyewe na wakatoa majibu yasiyowapendeza. Lakini linatuachia swali, kwamba pengine sehemu kubwa ya kinachosaidia ni kutoka nyumbani, kukutana na watu, kuusogeza mwili, mtu kukujali, na siyo mbinu yenyewe.

Halafu usiishie hapo ukaona mwili hauna maana. Boston, 2014, wanawake 64 wenye kiwewe cha muda mrefu ambao tiba za kawaida hazikua zimewatosha, nusu wakafanya yoga iliyotengenezwa kwa ajili ya watu kama wao, wiki 10, nusu wakapata madarasa ya afya ya wanawake. Mwishoni 16 kati ya 31 wa yoga walikua hawaingii tena kwenye vigezo vya kiwewe, kwenye madarasa ni 6 kati ya 29. Hawa wa benchi hawakuwepo, wote walipata kitu. Kwahiyo njia ya mwili inaweza kufika mahali, tunachokosa ni majaribio makubwa na ya kutosha.

Kuhusu vagasi na kumbukumbu kukaa kwenye misuli. Nadharia ya vagasi, kwamba neva hiyo ndo inaongoza mwili unavyoitikia hatari na usalama, ilitolewa na Stephen Porges mwaka 1994 na wataalamu wa fiziolojia wengine wameipinga vikali. Misuli haitunzi kumbukumbu, ubongo ndo unatunza, na ubongo huo huo ndo unaiamrisha misuli ikaze ukisikia breki au harufu ya chungwa. Lakini tiba inaweza kusaidia hata kama maelezo yake si sahihi, kwahiyo hapo usigombane sana na mume wako, mnaweza mkawa sahihi wote.

Nirudi kwako. Umesema ushahidi ni wewe, umelala. Mimi nakuamini ulilala, na usiku ule si kitu kidogo. Ila hebu tuuangalie vizuri huo usiku. Ulikwenda ukiwa umeshachoka kabisa, na watu wengi huenda kwa mtaalamu wakiwa chini kuliko kawaida yao, hapo hata bila tiba mara nyingi hali hupanda kidogo. Ulikaa saa nzima mtu anakuuliza wewe unasikiaje, bila kengele ya mzee chumba cha tatu, bila simu, bila mtoto. Uligundua mtu anaweza kuuona mtetemeko wako asishtuke. Na pengine mbinu yenyewe ilifanya kazi. Yote manne yanawezekana kwa pamoja na usiku mmoja hauwezi kutuambia ni lipi. Kitakachotuambia zaidi ni wiki kadhaa: usingizi, breki za basi, chungwa la yule mzee. Unaweza kuandika kila jioni mstari mmoja kwenye daftari, umelala vipi, basi lilikuaje. Yule mtu wa maabara hiyo ataielewa, na wewe utajua unalipia nini.

Sasa hili la tiba za kuongea ni za Wazungu naomba tuliongee kidogo, kwa upendo. Kongo mashariki, wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono, vijiji 15, wanawake 405. Vijiji vingine walipata tiba ya vikundi ya kuyafanyia kazi mawazo yanayobaki baada ya tukio, ndugu wa hiyo CBT uliyoiacha, vingine walipata msaada wa mtu mmoja mmoja. Waliotoa tiba ni wahudumu wa kwao, si madaktari, na wengi wa wanawake wale hawakujua kusoma. Matokeo yalitoka 2013: miezi sita baada ya tiba, waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa walikua asilimia 9 kwenye vikundi na asilimia 42 kwa wenzao. Na kambi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi 277 Wanyarwanda na Wasomali, sesheni sita za kusimulia maisha yao kwa mpangilio mbele ya washauri waliofundishwa hapo hapo kambini, 2008, karibu 70 kati ya 100 hawakua tena na vigezo vya kiwewe. Hata waliokua wanafuatiliwa tu bila tiba, zaidi ya theluthi walipata nafuu, ndo ile niliyosema ya hali kupanda yenyewe.

Kwahiyo ninajiuliza kama uliyoikataa ni tiba ya kuongea, au ni kusimulia kifo cha shangazi yako kwa Kiingereza cha haraka, kwa simu, kwenye chumba ambacho watu wanaingia kuchukua makoti. Mimi nadhani ningeacha pia.

Kwa kiwewe cha namna yako (jina lake halisi akupe daktari, mimi siwezi kwa barua) miongozo ya afya ya Uingereza ya 2018 inataja CBT iliyolenga kiwewe chenyewe, na EMDR, ile ya kufuata mkono kwa macho huku unashika tukio akilini. Hizi zina majaribio mengi kuliko tiba ya mwili, kwa mbali. Ni bure kwenye NHS, huduma ya afya ya serikali, na England unaweza kujiandikisha mwenyewe bila kupitia GP. Una haki ya kuomba uso kwa uso, na kuomba mkalimani. EMDR wengine wanaipenda kwa sababu huhitaji kusimulia kila kitu kwa maneno. Ubaya wake ni foleni, sehemu nyingine inakua ndefu na wakati huo bega linakaza na basi unapanda, na hakuna uhakika utakayempata atakua mtu mnayeelewana. Na tiba hizi zinakugusisha tukio lenyewe, wiki za mwanzo hali inaweza kuchafuka kabla ya kutulia, wapo wanaoishia njiani.

Ukibaki na huyu mama, faida ni kwamba mwili wako umeshaonyesha kumkubali, na hilo lina uzito, uhusiano mzuri na mtaalamu unaonekana kwenye tafiti za tiba za aina zote. Hatari kubwa nimeshaitaja, msako wa utotoni. Nyingine ni mtetemeko kukuzidi akashindwa kukurudisha, na tafiti nyingi za saikolojia hazijaripoti madhara vizuri kwahiyo hapo tuko gizani kidogo. Uliza amesomea wapi na amesajiliwa wapi, kwa sababu Uingereza mtu yeyote anaweza kujiita saikotherapisti, jina hilo halilindwi na sheria. Kuna daftari za hiari za wataalamu wa tiba hizi, kama za vyama vya UKCP na BACP, unatafuta jina mtandaoni dakika tano, na huko kuna pa kulalamika jambo likiharibika. Na mkono mgongoni, hata akiomba vizuri, siku usiyotaka unasema leo hapana, huhitaji kutoa sababu.

Kuhusu mkupuo wa pauni 1,300, hapo kinachonitatiza ni mkupuo wenyewe kuliko kiasi. Mtu akishalipa 20 anaona aibu kuacha kwenye ya sita hata kama haimfai. Ni pauni 65 kila moja ukigawa. Je amekataa ulipie moja moja, au hujamuuliza? Mkikubaliana chache, halafu mkae muangalie daftari lako pamoja, uamuzi wa zilizobaki unakua na kitu cha kusimamia. Unaweza pia kuendelea naye huku jina lako liko kwenye foleni ya NHS, ila wote wawili wajue, tiba mbili za kiwewe kwa wakati mmoja zinaweza kuvutana. Na upo uwezekano wa kusubiri bila yeye na kutafuta darasa la yoga au mazoezi ya polepole karibu na wewe, bei yake haifanani, ila darasa la kawaida halikutengenezwa kwa watu wenye kiwewe na mwalimu anaweza asijue la kufanya ukianza kutetemeka katikati ya watu.

Bati la mama. Mwanangu, umeliandika kama deni ambalo mwili wako umelikwapua. Sijui mama anasemaje, kwenye barua hayupo, mpo wewe na mume wako mnamwamulia. Anajua ile ajali imekufanya nini? Wazazi wetu wengine wanaambiwa tumepona kwa sababu tulishuka kwenye ndege tunatembea. Huenda atasema kuta zisubiri msimu mmoja, huenda atasema mvua zinakuja na anataka kuingia kwake, yote mawili ana haki nayo na yote mawili utayabeba vizuri zaidi ukiyasikia kwake.

Na mume wako, ninavyomsoma, ana hofu. Kwenye maabara anajua la kufanya, anapima, anatoa majibu. Nyumbani mke wake anatetemeka usiku na yeye hana kipimo, basi ameshika swali analolijua, ushahidi uko wapi. Swali lenyewe ni zuri. Hilo neno la mganga limekuumiza na unaweza kumwambia hivyo hivyo, limeniumiza. Lakini sijui kama amewahi kuambiwa kuhusu machungwa. Kwenye barua hii mimi nimeambiwa, yeye kama bado, basi anabishana na risiti ya pauni 1,300 kwa sababu ndo kitu pekee alichoonyeshwa. La baba mdogo utaamua mwenyewe umwambie lini, ila lisikae kwako peke yako kwa muda mrefu, GP pia ni mtu wa kuambiwa, pamoja na kwamba usingizi umekata tena.

Ikitokea usiku umekua mzito ukaona hutaki tena kuwepo, usisubiri jibu langu wala sesheni: piga 111 uchague huduma ya afya ya akili, au 999 kama ni hatari ya sasa hivi. Na ukishaongea na huyo mama kuhusu habari ya utotoni niandikie alivyojibu, ningependa sana kujua.

*Anti*